Vifaa vya ziada vya gari mpya: nimwachie wakala Dar, nipeleke kwa fundi Unguja, au nifanye mwenyewe?

#1 Mkaazi_Wete

Assalaam alaykum wanabaraza.

Hilux mpya ya milango minne, dizeli, inasubiri kwa wakala Dar es Salaam. Itapanda meli, itashuka bandari ya Malindi, Unguja, kisha itavuka tena hadi Pemba. Kazi yake ni magunia ya karafuu na vifaa vya ujenzi baina ya Micheweni, Wete na Chake, na asubuhi kupeleka watoto skuli.

Wakala ametoa karatasi ya vitu anavyoweza kufunga kabla ya kuikabidhi: mazulia ya mpira, madigadi ya mpira, tinti, makava ya viti ya ngozi, alamu, kamera ya nyuma, taa ndefu ya LED, ndoano ya trela, plastiki ya kutandika kwenye bodi ya nyuma, snokeli (bomba la kuipa injini hewa kutoka juu), na "dawa ya chini" ya kukinga kutu. Vyote kwa pamoja bei yake nzito.

Suali langu: kipi nimwachie yeye, kipi nipeleke kwa fundi Unguja, na kipi nifanye mwenyewe hapa Wete kwa spana na bisibisi? Naomba na sababu zake.

#2 Gereji_Amani

Waalaykum salaam. Anza na cha mwisho kwenye karatasi yako, hiyo dawa ya chini, kwani ndicho ambacho ukikikosea leo mwakani hakirudi nyuma.

Kisiwani chumvi haingoji gari iguse bahari. Upepo unaibeba, unyevu wa usiku unaiyeyusha, nayo inakaa kwenye mikunjo ya bati ambako mkono haufiki. Gari haianzi kuoza pale unapopaona. Inaanzia ndani ya vizingiti vya milango, ndani ya chasisi, na kwenye mishono iliyo nyuma ya madigadi. Siku rangi inapofura kwa nje, ndani bati limeshakwisha.

Kwa hiyo muulize wakala mambo mawili: mnapuliza kitu gani, na mnapuliza wapi?

Iko dawa nyeusi nzito ya lami au mpira, ikikauka inakuwa kama ngozi. Inakinga mawe, na juu ya bati jipya, safi na kavu si mbaya. Ila haipenyi kwenye mishono, na ikipasuka pahala pamoja tu, maji ya chumvi yanaingia chini yake na hayatoki. Kutu inatembea kimya huku juu panaonekana peusi pazuri. Iko ya pili, ya nta au ya mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo haikauki moja kwa moja. Hiyo inapenya na inajiziba ikikwaruzwa. Aibu yake ni kwamba barabara inaifuta polepole, kwa hiyo inataka kurudiwa kila mwaka, na vizuri iwe kabla ya masika.

Kwa gari ya Pemba ningetia nta ndani ya matundu yote ya chasisi, vizingiti na milango, mafuta ya sufu chini kote, na ile nyeusi ya mpira iishie ndani ya matao ya magurudumu panapopigwa na mawe. Pikapu ya ukubwa huo inakula kiasi cha lita 5 au 6 za chini na lita 2 hivi za ndani. Ukiambiwa kopo mbili zimetosha, ujue ndani hakukuingizwa kitu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gari inaoshwa chini kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ya presha, inaachwa ikauke siku mbili nzima za jua. Vizibo vya mpira vya chini ya vizingiti vinatolewa, mpira mrefu wenye kichwa cha kutawanya pande zote unaingizwa hadi mwisho, dawa inapulizwa huku mpira ukivutwa pole pole. Kabla ya hapo vinafunikwa kwa nailoni: bomba la moshi pamoja na sensa yake, diski na kalipa za breki, rejeta, shafti na mabomba ya mpira. Shafti ikipata dawa upande mmoja inapoteza mizani na gari inatetemeka. Diski ikipata dawa, breki hazishiki.

Baada ya kupuliza, chukua waya mwembamba upitishe kwenye kila kitundu cha kutolea maji chini ya milango na vizingiti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dawa inaziba vitundu, mvua inaingia kupitia raba ya kioo kama kawaida yake, na mlango unageuka birika.

#3 Mbuyuni_Z

Gereji_Amani amesema kweli. Naongeza upande wa karatasi.

Kitu kilichofungwa na wakala kabla ya makabidhiano, kikaandikwa kwenye ankara ya gari, ni juu yake kikiharibika au kikiharibu jengine. Kitu hicho hicho akikifunga fundi wa nje, ubovu wowote wa karibu nacho utakuwa na mabishano. Kwa hivyo bei ya wakala usiipime na bei ya kifaa peke yake. Humo umenunua na mtu wa kumdai. Lakini umemnunua ikiwa tu ameandika. Dai ankara itaje kila kifaa kwa jina, nambari yake ya kiwandani, muda wa dhamana ya kifaa chenyewe na muda wa dhamana ya kazi ya kufunga. Vifaa vingi vinavyofungwa kwa wakala si vya mtengenezaji wa gari, vinanunuliwa mtaani kama utakavyonunua wewe. "Kimefungwa na wakala" na "ni cha kiwandani" ni maneno mawili tofauti.

Na tahadhari na mashauri ya mtandaoni. Mengi yanatoka Marekani, ambako kuna sheria ya 1975 inayomzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu umefunga kifaa kisichokuwa chake. Ndiyo maana wanaandika kwa kujiamini, "funga unachotaka". Sheria hiyo haivuki bahari. Kwetu soma kijitabu cha dhamana kilichokuja na gari, ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, kabla hujaruhusu mtu akate waya au atoboe bati.

Jengine: kama utachukua bima kubwa, peleka orodha ya vifaa vya ziada na risiti zake kwenye kampuni ya bima siku ya kwanza. Thamani ya gari iliyoandikwa bila vifaa italipwa bila vifaa.

#4 Waya12V

Upande wa umeme mpaka ni mmoja. Kinachochomeka kwenye tundu lake la kiwandani unaweza mwenyewe. Kinachotaka waya wa gari ukatwe au umenywe, kifanywe na mtu ambaye utamjua pa kumpata hata baada ya miezi sita.

Alamu: iache. Angalia kwanza ufunguo wa gari, Hilux mpya nyingi zina kizuizi cha injini ndani ya ufunguo wenyewe. Alamu ya mtaani inaongeza king'ora, lakini ili ifanye kazi inakatwa waya ya stata au ya swichi ya ufunguo na kupitishwa kwenye rilei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Rilei hiyo ikila kutu, gari haiwaki, na fundi wa Wete atatafuta ubovu kwenye betri, kwenye stata, kila pahala isipokuwa hapo. Milango ikiwa tayari inafungwa kwa rimoti, king'ora hakina faida ya kukulipa usumbufu huo.

Kamera ya nyuma: mwachie wakala, ila muulize kama redio iliyomo ina tundu la kamera. Ikiwa lipo, kazi ni waya mmoja wa picha kutoka nyuma hadi mbele na umeme wa kuiamsha kutoka taa ya rivasi. Pabovu pake ni pale waya unapovuka kutoka bodi kwenda kwenye mlango wa nyuma. Mlango unafunguliwa na kufungwa mara elfu, waya unakatika ndani ya ganda na picha inakuja na kupotea. Lazima upite ndani ya mpira wa kujikunja na uachiwe ulegevu. Kaguzi yake rahisi: washa rivasi, mtu afungue na kufunga mlango wa nyuma mara kumi, wewe tazama picha kwenye kioo cha redio.

Popote waya zinapounganishwa, kataa vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya. Vinakata nyuzi chache na kuacha shaba wazi, na kwa hewa yetu shaba iliyo wazi inakuwa kijani ndani ya miezi. Kataa pia kusokota na kuzungushia tepu. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto la boneti, inabaki utepe unaoning'inia. Kiungo kizuri ni cha kubanwa kwa koleo lake au cha kutiwa solda, kisha kikavikwa bomba la kusinyaa kwa joto, lile lenye gundi kwa ndani. Waya wa ardhi unafungwa kwenye bati lililosuguliwa mpaka likawa jeupe, nati ikikazwa papakwe grisi juu. Nusu ya maradhi ya umeme ninayoyajua ni ardhi mbovu.

#5 Mkaazi_Wete

Ahsanteni. Fundi, taa ndefu ya LED nataka nijaribu mwenyewe. Iliyo kwenye karatasi ni ya wati 120. Naomba hesabu yake.

#6 Waya12V

Wati 120 ugawe kwa volti 12 unapata ampia 10. Fyuzi chukua ya 15. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, mita 4 zinatosha kutoka betri hadi bampa na kurudi ardhini. Rilei ya ampia 30 yenye miguu minne, kishikilia fyuzi kisichoingia maji, swichi moja, na waya mwembamba wa 0.75 mita 3 wa kwenda kwenye swichi, kwani rilei yenyewe inakula chini ya robo ampia.

Unganisha hivi: mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 85 ardhini. Mguu wa 86 kwenye swichi, na swichi ichukue umeme kutoka waya wa taa kubwa ya kiwandani, ili taa hii isiwake peke yake wala isibaki inawaka umetoa ufunguo. Ukiona kuuchokoza waya huo ni kazi ya fundi, utakuwa umeona sawa. Chukua basi kutoka kisanduku cha fyuzi kwa kile kichomeo cha kupachika mahala pa fyuzi, hakikati kitu. Chagua tundu linalopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Watu wanaiweka karibu na taa wakidhani inalinda taa. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichubuka ukagusa bati kabla ya fyuzi, hakuna cha kuzuia moto.

Waya ununue wa nyuzi nyingi laini. Waya wa nyumba, ule wa shaba nene moja, unakatika kwa mtikisiko. Na kuna waya wa rangi ya shaba kwa juu tu, ndani aluminiamu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe, urudishe dukani. Huo kwa chumvi yetu hauchukui masika mawili.

Usije ukaona bora kubadilisha globu za taa kubwa badala ya kutia taa ya ziada. Globu ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwa 55. Ukitia ya 100, kila upande unavuta ampia 8 na zaidi badala ya 5, soketi ya plastiki inayeyuka na kioo cha taa kinaungua kwa ndani. Globu za LED kwenye taa iliyotengenezewa globu ya uzi zinatawanya mwanga na kumpofua anayekuja mbele. Barabara ya Wete kwenda Chake ina vilima na kona, mtu akipofuka nusu dakika imetosha.

#7 UmmuHafsa

Kwa vile umetaja watoto, naomba nizungumzie viti na mazulia.

Makava ya ngozi kwenye karatasi ya wakala muulize: yameshonwa kwa gari hii, au ni ya kuvaa kila gari? Tazama ubavu wa kiti cha mbele upande wa mlango. Ukiona kitambulisho kilichoandikwa SRS AIRBAG, humo mna mfuko wa hewa unaotoka kwa kupasua mshono. Kava lisilo na mshono dhaifu pahala hapo linauzuia au linaupeleka njia nyengine. Kava la kushonewa mtaani, hata liwe zuri vipi, lisifunike ubavu huo. Nyuma, hakikisha kava halizibi buklesi za mikanda wala vyuma vya kufungia kiti cha mtoto vilivyo kwenye mwanya baina ya mgongo na kalio. Na ngozi bandia nyeusi kwenye jua la saa nane inaunguza mapaja ya watoto. Kava la kitambaa kizito linaloondoka na kufuliwa linawafaa zaidi, na hilo unavalisha mwenyewe.

Mazulia ya mpira nunua yaliyokatwa kwa gari hiyo na yenye matundu ya ndoano za sakafuni. La dereva lisilale juu ya zulia jengine. Mwaka 2009 Toyota iliyaita mamilioni ya magari Marekani kwa ajili ya mazulia yanayosogea na kunasa pedali ya mafuta. Bonyeza pedali hadi chini kwa mkono, uone kama ncha yake inagusa mpira. Kila wiki yanyanyue mazulia, chini yake kuwe kukavu. Watoto wakitoka pwani wanaingia na mchanga mbichi, na sakafu ya gari inaozea ndani kama inavyoozea nje.

#8 Raum_Kwerekwe

Kunradhi kuingilia uzi. Mimi gari yangu si mpya, ni ya kuagizwa Japani, imeshuka bandarini wiki hii. Redio inaonesha Kijapani na stesheni nyingi za hapa hazishiki. Nibadilishe redio nzima au kuna njia? Na betri imeshuka, nataka kuitoa niichaji.

#9 Mbuyuni_Z

Usiitoe betri bado! Washa gari kwa waya za kuazima kwanza, utazame redio ni ya namna gani. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani zikikosa umeme zinajifunga, zinadai ile kadi ndogo ya ramani iliyotoka nayo kiwandani au namba ya siri. Kadi hiyo mara nyingi haifiki. Ikiwa kadi imo ndani, usiitoe na usimpe mtu. Ikiwa haimo, betri ichajiwe bila kufunguliwa, au iungwe betri ya pili sambamba wakati ya kwanza inatolewa.

Stesheni hazishiki kwa sababu FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia 90, mpya zaidi zinafika 95, na zetu zinakwenda hadi 108. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachoungwa baina ya antena na redio. Kikiwa cha kushusha 20, stesheni ya 98 utaipata kwenye 78. Ni kazi ya robo saa, unafanya mwenyewe, lakini sauti inapata mikwaruzo na zile za chini ya 96 zinabaki nje. Nionavyo mimi ni dawa ya muda.

Redio mpya ukinunua, tafuta na waya wa kuchomekea wa Toyota wenye vichwa viwili, cha pini 10 na cha pini 6. Ukiwa nao hukati waya hata mmoja. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ardhi. Ule wa bluu wa antena watu wanauacha unaning'inia, halafu wanalalamika redio mpya haishiki. Gari nyingi zenye antena ndani ya kioo zina kikuza mawimbi kinachotaka umeme huo. Upana pia utakusumbua: nafasi ya Toyota ya Japani ni milimita 200, redio za kawaida ni 178. Nunua na vipande vya kuzibia pembeni.

Kamera ya kiwandani ya Toyota iache, inaweza kutumika na redio mpya, lakini inakula volti 6. Ukiipa 12 inaungua papo hapo. Iko waya ya kugeuzia yenye kishusha volti ndani, dai hiyo.

#10 Pwani_Matemwe

Gereji_Amani, huku mashamba watu wanapuliza oili chafu chini ya gari na wanaona inafaa. Ya nini gharama ya nta?

#11 Gereji_Amani

Shekhe, oili chafu inafukuza maji mwezi mmoja, hilo sikatai. Lakini ina masizi, asidi na vumbi la chuma vilivyotoka ndani ya injini. Inafurisha mipira ya bushi, mabuti ya shafti na mabomba ya breki, mpira unakuwa laini kisha unapasuka. Vumbi la njia za ndani linagandana nayo na kuwa tope linaloshika unyevu, yaani umelivika bati kitambaa kibichi. Na inadondoka ardhini. Maji tunayokunywa kisiwani yanatoka chini ya miguu yetu, kwenye mawe yenye matundu. Usiitie.

Kwa gari za pwani ya mashariki kuna jambo kubwa kuliko dawa, nalo ni maji ya kuoshea. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo na kuiacha ikauke juani, chumvi inabaki, na kila ukiosha unaongeza. Onja maji kabla ya kuosha. Yakiwa na chumvi, peleka gari ndani ya kisiwa kwenye maji baridi mara moja kwa wiki, uoshe chini zaidi kuliko juu. Gari iliyokanyaga mchanga wa ufukweni ioshwe siku ile ile.

#12 Mkaazi_Wete

Nimefahamu. Imebaki ndoano ya trela, plastiki ya bodi, tinti, madigadi na snokeli.

#13 Gereji_Amani

Ndoano: wakala, bila kufikiri mara mbili. Inafungwa kwenye chasisi kwa bolti za daraja maalumu kupitia matundu yaliyokwishatobolewa kiwandani, na ina kibati kinachoonesha uzito inaouvuta. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea, anachoma chasisi, na pale alipochoma dawa yote ya ndani imeungua. Hapo kutu itaanza upande usiouona.

Plastiki ya kutandika kwenye bodi: ikatae. Inanunuliwa sana kwa kuwa inapendeza siku ya kwanza. Mchanga na maji vinaingia chini yake, gari ikitikisika plastiki inasugua rangi kama msasa, na pembeni imefungwa kwa skrubu zilizotoboa bati. Kwa magunia ya karafuu tosheka na zulia la mpira la milimita 6 au 8 lisilofungwa, unalinyanyua na kumwagia maji kila wiki. Kama utabeba mawe na matofali kila siku, dawa ya kupuliza kwenye bodi ni bora, ile inayogandana na rangi. Hiyo ifanywe na mwenye vifaa vyake, rangi ikwanguliwe kwanza, mikono miwili au mitatu. Ikipulizwa juu ya rangi inayong'aa inabambuka kama ganda la chungwa.

Madigadi ya kiwandani yanashika kwenye matundu na vibanio vilivyomo, unayafunga mwenyewe kwa dakika arubaini. Ya mtaani yanakuja na skrubu za kujitoboa zinazopita kwenye ukingo wa bati. Usizitumie. Ukilazimika kutoboa pahala popote kwenye gari hii, kwangua ukingo wa tundu, pitisha praima ya zinki mara mbili kwa brashi ndogo, subiri ikauke, kisha tia bolti yenye washa ya plastiki na nta juu yake.

Snokeli inataka tundu kubwa kwenye bawa la mbele, la kiasi cha ngumi, na ukingo wake wote unabaki chuma kitupu. Faida yake ya maji inapatikana ikiwa boksi la hewa limezibwa, pamoja na kile kitundu chake cha chini cha kutolea maji, na vipumulio vya difu na giaboksi vimepandishwa juu kwa mipira. Bila hayo, hewa inaingia juu na maji yanaingia chini. Kwa Wete, Chake na Micheweni huihitaji. Mvua ikijaza njia, ngoja ipungue.

#14 Waya12V

Tinti: fanya Unguja au Dar, kwa mtu mwenye chumba kisicho na vumbi, si chini ya mwembe. Muulize inazuia joto kiasi gani, kwani weusi na kuzuia joto ni mambo mawili. Karatasi ya rangi tupu inageuka zambarau kwa jua letu. Ile yenye madini ya chuma inapunguza nguvu za simu na redio, ya kauri haina tatizo hilo. Vioo visishushwe siku nne. Kioo cha nyuma chenye mistari ya joto kisikwanguliwe kwa wembe wakati wa kubandua ya zamani, mistari inakatika.

Na ukishafunga kila kitu cha umeme, pima kinachovujisha betri. Toa waya hasi, weka mita kwenye tundu la ampia 10 baina ya waya na betri, milango imefungwa, ufunguo uko mbali. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Chini ya ampia 0.05 ni salama. Ukisoma 0.2, betri ya ampia-saa 70 itafika nusu ndani ya wiki moja, na utaiona Jumatatu baada ya safari ya Unguja. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, hiyo ndiyo njia yenye ubovu.

#15 Mkaazi_Wete

Basi nimwandikie wakala hivi: ndoano na kamera afunge yeye, kila kimoja na nambari yake kwenye ankara. Taa, mazulia, madigadi na makava ya kitambaa nifanye mwenyewe. Tinti Unguja. Alamu, plastiki na snokeli viondoke. Dawa ya chini ndiyo nimekwama: aipulize yeye kabla haijapanda meli, au ningoje ifike?

#16 Gereji_Amani

Kabla ya meli, ikiwa anakubali mambo matatu: akuoneshe kopo la dawa, akupigie picha vizibo vya vizingiti vikiwa wazi na mpira umeingia ndani, na akuruhusu wewe au mtu wako kuitazama ikiwa juu ya lifti. Bati halitakuwa safi na kavu tena kama lilivyo sasa, na safari ya kwanza ya sitahani inaipiga rashasha ya bahari kutoka chini.

Akikataa hata moja, mwambie asiguse chini kabisa. Ishushe Malindi, siku hiyo hiyo ipelekwe ikaoshwe chini kwa maji baridi, dakika ishirini za maji matupu bila sabuni, ndani ya matao, juu ya chasisi, nyuma ya bampa. Iache kavu siku mbili kwenye banda lenye upepo, ipulizwe nta na mafuta ya sufu, ndipo ivuke kwenda Pemba. Ikifika Wete iogeshe tena chini, kwa maji ya presha ndogo. Baada ya kilomita 500 za mwanzo kaza bolti za ndoano kwa spana ya kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na utie nta kwenye vichwa vyake.

#17 Mkaazi_Wete

Ahsante. Namtumia wakala barua leo, majibu yake nitayaleta hapa pamoja na picha ya kopo.